Wanyama wa maboksi, magunzi na vizibo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi na walimu wa Nyanda za Juu Kusini

Likizo ya Juni na ile ya Desemba zikikaribia, maswali huwa ni yale yale. Huuliza mama wa Mbeya mjini mwenye watoto wanne ndani na mvua nje, huuliza mwalimu wa awali kule Mufindi, huuliza shangazi wa Njombe aliyeachiwa watoto wa kaka yake. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya nadra. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, nimekuelekeza huko.

## Kabla ya kuanza

Ninahitaji kununua nini?

Karibu hakuna. Mkasi mmoja unaokata vizuri, unga kidogo wa ngano kwa ajili ya gundi, sindano kubwa ya kushonea magunia na kalamu yoyote iliyopo. Basi. Ukijikuta uko dukani unanunua sahani za karatasi na macho ya plastiki ili mtoto "atumie taka", rudi nyumbani ukaangalie chini ya kabati la jikoni.

Nikusanye vitu gani, na nivitunze wapi?

Tenga boksi moja kubwa au kiroba kimoja, kikae mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anajua. Jikoni utapata trei za mayai, vizibo vya soda, mifuniko ya chupa za maji, madumu ya mafuta ya kula, makopo ya maziwa ya unga na lile bomba la boksi linalobaki toilet pepa ikiisha. Kabatini kuna soksi zilizobaki mguu mmoja, vifungo, ndala zilizokatika. Kwa fundi cherehani, ukiomba kwa adabu, utapewa vipande vya vitenge ambavyo angevifagia jioni. Mafundi wa Mwanjelwa na Soko Kuu la Iringa wanavyo kila siku.

Halafu kuna utajiri wetu wa hapa ambao watu wa miji mingine hawana. Magunzi na maganda ya mahindi baada ya kupukuchua. Magome makavu ya mgomba kutoka Tukuyu na Kiwira, ambayo ukiyalowesha kidogo yanapinda kama ngozi. Matunda makavu ya misonobari yaliyojaa chini ya miti ya Sao Hill, na maranda kutoka kwa maseremala wa Mafinga. Kokwa za parachichi kutoka Rungwe na Njombe: ikiwa bado mbichi unaichonga hata kwa kijiko, na ikikauka inakuwa ngumu na kugeuka wekundu wa kutu. Wengi hutupa hizi zote na kubaki wakihangaika na boksi tupu la biskuti.

Kila kilichogusa chakula kioshwe na kikaushwe siku hiyo hiyo, la sivyo utafuga panya na mende badala ya tembo.

Mifuko ya plastiki ya zamani bado ninayo. Niitumie?

Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa mtoto mdogo ni hatari kwa sababu huweza kumziba pumzi. Tumia ile mifuko mbadala iliyochakaa. Ina sifa moja nzuri sana kwa kazi hii: ukiikata haitoi nyuzi pembeni, kwa hiyo masikio na mabawa hayahitaji kupindwa wala kushonwa.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Wa miaka miwili anachana karatasi na kupaka gundi, na hiyo ni kazi halali kabisa. Zile karatasi alizochana ndizo manyoya ya kuku wa dada yake. Wa miaka minne au mitano anakata kwa mkasi wa ncha butu mistari iliyonyooka. Akifika darasa la kwanza au la pili anaweza kupanga mwenyewe kichwa kitakaa wapi na miguu itashikaje. Sindano, waya na kuchonga ni kwa wa miaka tisa na kuendelea, ukiwa karibu naye. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, soma kwanza sehemu ya usalama.

Nimtengenezee mfano mtoto auige?

Hapana, na hapa ndipo ningependa mzazi anisikilize kuliko mahali pengine pote. Ukimwekea mtoto twiga wako aliyenyooka mezani, atatumia saa nzima kujaribu kufanana na wewe, na mwisho atasema wake ni mbaya. Ukimwekea boksi na gunzi ukamuuliza, "Hapa unamwona nani?", atakushangaza. Gunzi lililopinda ni mamba. Chupa iliyobonyea ni kiboko. Yeye ndiye aone.

Kazi yako ni kuuliza. Shingo ya twiga inaanzia wapi? Mbuzi akilala, miguu anaiweka wapi? Mkia wa ng'ombe una nywele mahali gani? Asipojua, mtoke nje mkaangalie. Mtoto aliyetumwa kwa jirani kutazama masikio ya mbuzi yanavyokaa atarudi na kitu ambacho hakuna mfano wa mezani ungempa.

Na ukimkuta anaweka miguu mitano, usiikate. Muulize wa tano ni wa nini. Mara nyingi lipo jibu.

Tutawajuaje wanyama wa porini bila kwenda hifadhini?

Anzeni na walio karibu: kuku, paka, mjusi ukutani, panzi shambani, ndege aliyejenga kwenye mti wa jirani. Kwa wa porini, picha za vitabu vya shule zinatosha. Kama una uwezo wa kusafiri, mkoa wa Iringa una Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yenye tembo, simba, twiga, mbwa mwitu na tandala wa aina zote mbili, mkubwa na mdogo. Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ni ya maua na ndege zaidi. Mtoto anayependa vipepeo atarudi na kazi ya mwezi mzima.

## Gundi, rangi na kukausha

Gundi ya nyumbani inatengenezwaje?

Kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 4 vya maji. Koroga unga kwanza kwa maji baridi kiasi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina kwenye maji yaliyobaki yakiwa ya moto, uendelee kukoroga kwenye moto mdogo hadi iwe kama uji mzito unaong'aa. Ongeza chumvi kijiko kimoja ili isichache haraka. Ipoe kabisa kabla ya kumpa mtoto. Unga wa muhogo nao unafaa. Wa sembe haushiki vizuri.

Kwa baridi yetu inakaa siku mbili tatu ikiwa imefunikwa. Ikianza kunuka, mwaga.

Nimesikia habari ya kutengeneza mnyama kwa karatasi zilizolowekwa. Ni nini hiyo?

Ziko njia mbili. Ya kwanza: chana magazeti vipande vyembamba, vichovye kwenye gundi ya unga, vibandike juu ya puto, chupa au mpira wa karatasi uliofungwa kwa uzi. Weka tabaka mbili, acha zikauke, ongeza nyingine mbili. Ya pili: chanachana trei za mayai, zilale kwenye maji usiku kucha, zikamue, zikande pamoja na gundi hadi zifinyangike. Hii ya pili ndiyo ninayoipenda kwa sababu mtoto anafinyanga kwa vidole kama udongo, na mnyama akikauka anakuwa mwepesi ajabu. Familia zilizowahi kufika Matema na kuona vyungu vya Wakisi hazina shida kuelewa mkono unavyotakiwa kwenda.

Mbona kazi yetu haikauki?

Kwa sababu ya mahali unapokaa. Rungwe hupata mvua kubwa kuliko sehemu nyingi za nchi, na ukungu wa Makete unaweza kukaa hadi saa nne asubuhi. Kati ya Novemba na Aprili tengeneza wanyama wembamba: vitambaa, magunzi, maboksi makavu. Kazi za kuloweka ziache hadi kiangazi. Juni na Julai kuna baridi kali, lakini hewa ni kavu na jua la mchana lipo. Weka kazi juu ya bati au ungo uani saa tano, iingize saa kumi kabla umande haujaanza.

Mvua ikikukuta katikati, kichanja kilicho jikoni mbali na mwali kinasaidia. Usikaushe karatasi karibu na jiko la mkaa linalowaka, na usimwache mtoto azilinde yeye.

Ukungu mweupe ukiota juu ya mnyama maana yake tabaka zilikuwa nene mno. Kama ni kidogo, futa kwa kitambaa kilichochovywa siki na umrudishe juani. Kama umeingia ndani, mtupe kwenye shimo la mbolea.

Rangi je?

Mkaa uliosagwa unatoa weusi mzuri wa milia ya pundamilia. Udongo mwekundu uliochekechwa unatoa rangi ya ng'ombe na ya swala. Binzari ya manjano inatoa simba. Majani ya chai yaliyochemshwa hadi maji yawe mazito yanatoa kahawia, na maganda na kokwa za parachichi zikichemshwa pamoja zinatoa wekundu hafifu unaofaa kwa nguruwe. Bluu ya kufulia ni ya ndege. Changanya unga wowote kati ya hizi na gundi kidogo ya ngano ili usipukutike mkononi.

Rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango usimpe mtoto. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Gundi ya unga haishiki kwenye plastiki. Nifanyeje?

Haitashika. Plastiki na bati zinafungwa, hazibandikwi. Weka kipande cha ubao chini, toboa kwa msumari na nyundo (mtu mzima), pitisha uzi wa katani au waya mwembamba. Kupasha msumari moto ili utoboe kwa urahisi kunatoa moshi mbaya na kumeunguza vidole vya wengi; msumari baridi unatosha. Miguu ya chupa inasimama vizuri zaidi ukiweka mchanga au kokoto ndani.

## Mnyama mmoja mmoja

Yupi ni rahisi wa kuanza naye?

Kiwavi wa trei ya mayai. Kata mstari mmoja wa vikombe, ugeuze chini juu, tia vijiti viwili vya chelewa kuwa pembe. Kwa dakika chache mtoto ameshamaliza na ana hamu ya kuendelea. Kikombe kimoja peke yake ni kobe.

Tembo wa dumu anakatwaje?

Chukua dumu la mafuta la lita 5 lenye mkono, lioshe kwa maji ya moto na sabuni hadi utelezi uishe. Mtu mzima anakata katikati na kubakiza nusu ya juu. Ule mkono wa dumu ndio mkonga. Upande wa chini chora matao manne na uyakate, kilichobaki kati ya tao na tao ni mguu. Pitisha kipande cha sandarusi au selotepu pembeni pote palipokatwa ili pasichane vidole. Masikio kata kwenye mfuko mbadala, na uyafanye makubwa: tembo wetu wa Afrika ana masikio mapana yanayofunika shingo, na hutumia kuyapunga ili apoe.

Mtoto anataka kumtengeneza kipunji. Anafananaje?

Nafurahi kila ninapoulizwa hili, kwa sababu kipunji ni wetu hasa. Ni tumbili wa misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone, na wengine wachache wako msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kwa jina hilo hilo kabla ya watafiti kumfikia mwaka 2003, na mwaka 2006 wanasayansi wakampa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Hayupo mahali pengine popote duniani.

Ana manyoya marefu ya kahawia yanayomkinga na baridi ya mlimani, uso mweusi, manyoya yaliyochomoza mashavuni, kishungi kilichosimama utosini, tumbo jeupe na mkia mrefu unaoishia na weupe. Mwili: soksi ya kahawia iliyojazwa vipande vya vitenge. Manyoya: kamba ya katani iliyochambuliwa nyuzi nyuzi na kulowekwa kwenye chai nzito (tazama swali la rangi). Uso: kipande cha ndala nyeusi. Mkia: soksi nyembamba au kamba iliyosukwa, ncha iachwe bila chai. Kishungi kisisahauliwe, mtoto akiacha kishungi, amemtengeneza tumbili mwingine.

Watoto wa Rungwe wakishamaliza huuliza kipunji anakula nini na kama msitu wake bado upo. Jibu ni kwamba anategemea miti mikubwa, na ukataji wa miti na uwindaji ndivyo vinavyomtishia. Wape jibu hilo kama lilivyo.

Na kinyonga? Bibi yake anamwogopa.

Kinyonga hana sumu, na hofu ya bibi iheshimiwe bila kuilea. Mweleze mtoto taratibu, na bibi akikaa karibu atasikia. Katika milima ya Uporoto na Rungwe yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Huyo ndiye wa kutengeneza.

Gome la mgomba lililoloweshwa likunjwe kuwa mwili mwembamba, uliobinuka mgongoni. Mkia uzungushe kama konokono na uufunge kwa uzi hadi ukauke. Macho ni vikombe viwili vidogo vya trei ya mayai vilivyoshikiliwa kwa uzi uliofungwa fundo, ili kila jicho lizunguke upande wake, kama anavyofanya mwenyewe. Vidole vya mguu vimegawanyika makundi mawili, viwili huku na vitatu kule, ndiyo maana anashika kijiti kama koleo. Pembe ni njiti tatu.

Ndege gani anafaa?

Korongo taji wa bonde la Usangu, kwa sababu taji lake linatengenezwa kwa njiti za ufagio wa chelewa zilizochomekwa kwenye kokwa ya parachichi ikiwa bado mbichi. Njiti zipakwe binzari. Miguu ni mianzi miembamba.

Wangu anachanganya fisi na mbwa mwitu.

Wengi huchanganya. Fisi ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo wake unateremka. Mbwa mwitu mgongo wake umenyooka, ana masikio makubwa ya duara na mabaka ambayo hayafanani kati ya mmoja na mwingine. Kwa hiyo kwa fisi kata magunzi mawili marefu na mawili mafupi. Kwa mbwa mwitu kata yote sawa, na mwache mtoto apake mabaka anavyotaka. Hata akikosea atakuwa sahihi.

Tandala apewe pembe?

Dume tu. Sokota karatasi ya gazeti iliyopakwa gundi kuzunguka waya, ikikauka ipinde kama parafujo.

Buibui ana miguu mingapi?

Minane. Nyuki, kipepeo na panzi wana sita.

Magunzi yanaoza au kuliwa na wadudu. Nizuie vipi?

Yakaushe juani wiki nzima kabla ya kuyatumia, na uchague yaliyopukuchuliwa safi. Gunzi lenye ukungu wa kijani au mweusi usimpe mtoto hata kama limekauka, kwa sababu vumbi lake si zuri kwa mapafu.

## Usalama

Kuna taka zisizofaa kabisa?

Zipo, na huku kwetu ya kwanza ni makopo na chupa za dawa za mashamba. Tunalima viazi na nyanya, tunapulizia, na chupa zile zina rangi nzuri na mifuniko mizuri. Hakuna kuosha kunakoifanya chupa ya sumu iwe ya mtoto. Vivyo hivyo betri, taa za umeme zilizoungua, vichupa na mabomba ya sindano, na chupa za dawa za chooni.

Mbegu nazo. Mbegu za mnyonyo zenye madoadoa na zile nyekundu zenye doa jeusi za mturituri ni nzuri mno kwa macho ya wanyama, na zote mbili ni sumu kali zikitafunwa. Tumia maharage au vifungo.

Nina mtoto wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni.

Chukua lile bomba la boksi la toilet pepa. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto mdogo: vizibo, maharage, kokoto, vifungo. Mwekee vinavyozidi hapo. Maharage pia hupenda kuingia puani na masikioni. Yakiingia, usichokoe, mpeleke kituo cha afya.

Makopo ya bati yakikatwa yanakuwa makali. Tuyaache?

Yatumie mazima. Kopo zima ni mwili mzuri wa kiboko au faru. Kingo za ndani zibonyezwe kwa koleo, kisha zizungushiwe kitambaa.

Manyoya ya kuku yanafaa?

Yanafaa yakitoka kwa kuku mzima aliyechinjwa kwa chakula. Yaoshe kwa maji ya moto na sabuni, yasuuze, yaanike juani hadi yakauke kabisa. Ya kuku aliyekufa kwa kideri au aliyeokotwa amekufa yazikwe.

## Darasani

Nina watoto sitini na mikasi mitatu.

Gawa kazi, usigawe mikasi. Kundi la kwanza linachana, la pili linapaka gundi, la tatu linasokota kamba, la nne linakata, halafu wanabadilishana. Mnyama mmoja mkubwa wa kundi zima hufaa kuliko sitini wadogo: twiga wa maboksi anayefika dirishani, kila mtoto akiwa na doa lake. Doa hilo atakuja kuliangalia kila asubuhi.

Waombe wazazi walete vifaa wiki mbili kabla, na uwaambie wazi kwamba hakuna anayetakiwa kununua. Mtoto aliyekuja bila kitu apewe kutoka kwenye boksi la darasa kabla wenzake hawajafungua mifuko yao.

Nina mwanafunzi asiyeona.

Mpe kazi ya kuchagua vifaa. Maranda, gome la mgomba, tunda la msonobari na katani vina miguso tofauti kabisa, na yeye ndiye atakayewaambia wenzake ngozi ya kobe inapaswa kukwaruza na tumbo la kipunji liwe laini. Vipande vifungwe kwa uzi badala ya gundi, ili apime kwa vidole kama kimeshika.

## Maswali ya nadra

Mtoto ameokota mwiba wa nungunungu (au kucha, au kipande cha ngozi). Tukitumie kwenye kazi?

Msifu kwa jicho lake kali, mtazame pamoja, kisha kibaki kilipookotwa. Sehemu za wanyamapori ni nyara za serikali, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwa nazo bila kibali, hata kama mnyama alijifia mwenyewe. Miiba ya nungunungu tengeneza kwa chelewa au njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa, zilizochomekwa kwenye kiazi au udongo.

Mzazi mmoja hapendi mtoto wake atengeneze sanamu za viumbe, kwa sababu za imani.

Muulize mapema, kabla ya siku ya kazi, na usimlazimishe. Mtoto wake atengeneze zizi, kiota, mzinga wa nyuki au mto wenye mawe. Kundi lenye zizi na kiota lina kazi nzuri kuliko kundi lenye wanyama tu, na mtoto huyo hatakaa pembeni.

Tunaweza kuuza?

Watoto wakubwa wakitaka, kwenye siku ya wazazi shuleni, sawa. Lakini bei isiwe sababu ya wewe kuanza kunyoosha masikio usiku wakiwa wamelala.

Mtoto amevunja mnyama wake mwenyewe kwa hasira.

Mwache atulie. Vipande viwekwe kwenye boksi la vifaa, si kwenye pipa. Kesho yake muulize kama vinaweza kuwa mnyama mwingine.

Nyumba imejaa. Tuwapeleke wapi?

Mpe mtoto rafu moja au dirisha moja, na yeye achague wanaobaki. Anayeingia mpya anamtoa wa zamani. Waliotoka wafumuliwe naye: vifungo, waya na kamba virudi kwenye boksi la vifaa. Karatasi, magunzi, magome na trei zilizopakwa rangi za jikoni zinaingia kwenye shimo la mbolea. Chupa na madumu yaondolewe kitambaa na uzi, kisha wapewe wanaonunua plastiki kwa kilo. Yakiwa na gundi na selotepu hawayachukui. Kisichofaa popote kitoke na taka za kawaida, na plastiki isichomwe uani.